Mgao wa Umeme Huzaliwa Wakati wa Neema

Mwaka 1998 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha waraka wa sera ya nishati uliotamka bila kupepesa macho kwamba, mitambo mipya isipojengwa, umeme wa ziada wa nchi hiyo utakwisha ifikapo mwaka 2007. Wakati huo shirika la Eskom lilikuwa na umeme mwingi kuliko lilivyoweza kuuza, na baadhi ya vituo vyake vya makaa ya mawe vilikuwa vimefungwa kwa kukosa kazi. Nani angehangaika na onyo la namna hiyo? Wakubwa walikuwa wakibishana kama ujenzi wa vituo vipya uachiwe sekta binafsi. Eskom ikaambiwa isubiri, na wawekezaji waliosubiriwa hawakutokea. Mwishoni mwa 2007 maeneo yakaanza kuzimiwa umeme kwa zamu, na Desemba mwaka huo Rais Thabo Mbeki akakiri hadharani kwamba Eskom walipoomba kujenga walikuwa sahihi, na serikali ndiyo iliyokosea. Miaka 16 baadaye, mwaka 2023, nchi yenye uchumi mkubwa wa viwanda kuliko zote barani ilikuwa bado inazima umeme, na mwaka huo ilizima kwa siku nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia.

Kisa hicho cha kusini kina somo kubwa kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Tumezoea kuusimulia mgao wa umeme kama balaa la kiangazi: mvua zimegoma, mabwawa yamekauka, wananchi wavumilie. Ukizifuatilia nyakati zetu za giza mwaka baada ya mwaka, unaona mtiririko mwingine. Karibu kila mgao mkubwa ulitanguliwa na kipindi cha kutosheka, ambapo umeme ulikuwepo, malalamiko yakapungua, na viongozi wakageuzia macho kwingine. Mgao huonekana wakati wa ukame lakini huzaliwa wakati wa neema. Hoja hii ina uzito wa pekee sasa, kwa sababu Tanzania na Uganda zimeingia katika kipindi cha neema baada ya mabwawa yao makubwa kukamilika. Yanayoamuliwa au kuahirishwa katika miaka hii ndiyo yatakayowasha au kuzima taa za miaka ya 2030.

Chanzo cha tatizo kimo katika hesabu ya miaka. Bwawa kubwa, tangu upembuzi hadi mtambo wa kwanza kuzunguka, linaweza kula miaka kumi au zaidi. Kisima cha jotoardhi hutangulia kituo chake kwa miaka kadhaa, na laini ya msongo mkubwa hupita katika mashamba ya maelfu ya watu wanaostahili fidia kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Kiongozi wa kuchaguliwa, kwa upande wake, anahesabu miaka mitano. Akiamua leo kujenga, deni na lawama ya bei za umeme kupanda vitamwangukia yeye, na atakayebonyeza kitufe siku ya uzinduzi huenda akawa mrithi wake. Akiahirisha, hakuna kitakachoonekana. Taa zitaendelea kuwaka kwa mitambo aliyoikuta, na giza litakapofika atakuwa amestaafu kwa heshima zote. Mfumo unaomlipa mtu kwa kuahirisha utazalisha waahirishaji, hata kama kila mmoja wao ni mzalendo na mwenye akili nzuri. Ndiyo maana sioni faida kubwa katika kuigeuza historia hii kuwa orodha ya viongozi wabaya na wazuri.

Tanzania inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Baada ya Uhuru nchi ilijenga vituo vya maji kwa mfululizo: Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu 1968, Kidatu kuanzia 1975, kisha Mtera mwaka 1988. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1974, gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, na mwaka 1982 ikapatikana Mnazi Bay. Kwa hiyo tangu miaka ya sabini taifa lilijua kwamba lina nishati isiyongoja mvua. Umeme wa gesi ya Songo Songo uliingia kwenye gridi mwaka 2004, miaka 30 baada ya ugunduzi. Katika muda huo wote Kidatu na Mtera, vituo viwili vinavyokunywa mto mmoja wa Ruaha Mkuu, vilibeba sehemu kubwa ya mzigo wa nchi nzima. Mvua zilipopungua mwanzoni na katikati ya miaka ya tisini, mgao ulikuwa umeshaandaliwa kwa muda mrefu. Ukosefu wa maji ulikuja kuutangaza tu.

Lililofuata lilionyesha gharama ya kununua umeme ukiwa gizani. Mwaka 1995 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mitambo ya mafuta ya megawati 100 pale Tegeta. Mvua zikarudi, mkataba ukabaki. Ugomvi juu ya gharama ulipelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, mradi wa gesi ya Songo Songo ukacheleweshwa na mgogoro huo, na mitambo iliyoagizwa kuokoa hali ya mwaka 1995 ikaanza kuuza umeme mwaka 2002. Tangu hapo shirika la umeme la TANESCO likawa linadaiwa mamilioni ya dola kila mwezi kwa mitambo hiyo kuwa tayari, iwe imezunguka au imelala. Fedha iliyokwenda huko ni fedha ambayo haikununua transfoma, haikukarabati nguzo, wala haikuanzisha kituo kipya. Dharura ya jana ikawa imekula akiba ya kesho.

Kisha neema ikarudi. Kituo cha Kihansi chenye megawati 180 kilikamilika mwaka 2000, hofu ikatulia, na miaka sita tu baadaye ukame wa 2006 ukaikuta nchi pale pale. Juni mwaka huo ukasainiwa mkataba wa megawati nyingine 100 za dharura na kampuni ya Richmond. Kampuni hiyo haikuweza kuleta mitambo kwa wakati. Mkataba ukahamishiwa Dowans, na dharura yenyewe ikapita kabla umeme wote ulioahidiwa haujapatikana. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilichunguza suala hilo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru Dowans ilipwe zaidi ya shilingi bilioni 90. Mwaka 2014 jina la IPTL likaibuka upya kupitia sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa na zaidi ya shilingi bilioni 300, na viongozi wengine wakaachia ngazi. Wengi huyasoma matukio haya kama habari za ufisadi peke yake, na uchungu wao una sababu. Lakini tuulize mlango ulifunguliwaje. Serikali yenye mpango huita zabuni, hulinganisha bei na kuhakiki uwezo wa mzabuni. Serikali iliyoshikwa na giza, viwanda vimesimama na hospitali zinawasha jenereta, hununua kwa yeyote anayesema ana mitambo bandarini. Kuwafukuza waliopita mlangoni bila kuuziba mlango wenyewe kumetufanya turudie kisa kilekile kwa majina mapya.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu, ni kwamba ukame ni wa kweli. Mabadiliko ya tabianchi yanavuruga misimu, na hakuna waziri anayeamuru mawingu. Zambia mwaka 2024 ilishuhudia Ziwa Kariba likishuka kiasi kwamba kaya nyingi zilipata umeme saa chache tu kwa siku, katika ukame mkali ulioikumba sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Naukubali ukweli huo wote, na bado naona unaitia nguvu hoja yangu. Ukame katika ukanda huu haujawahi kuwa jambo la kushangaza. Umekuja katika kila muongo ambao gridi zetu zimekuwepo, na mpangaji anayejua kwamba jambo litatokea, hata asipojua mwaka, hawezi kuliita ajali. Zaidi ya hayo, maji yenyewe huongozwa na uamuzi wa watu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha katika miaka ya tisini, kadiri umwagiliaji ulivyopanuka katika bonde la Usangu. Wizara moja ikigawa maji ya juu kwa mashamba huku nyingine ikiyahesabu maji yaleyale kwa mitambo ya chini, upungufu unaotokea umetengenezwa ofisini.

Uganda inalithibitisha hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kituo cha Owen Falls, ambacho leo kinaitwa Nalubaale, kilizinduliwa mwaka 1954 kwenye mdomo wa Ziwa Victoria huko Jinja. Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kilianza kufanya kazi pembeni yake, kikitumia maji yaleyale ya ziwa. Mradi uliotakiwa kuleta nafuu halisi, Bujagali, ulikuwa umekwama tangu miaka ya tisini katika mabishano ya mikataba na mazingira; mwekezaji wake wa kwanza aliondoka mwaka 2003. Mahitaji yakaendelea kupanda, na ili kuyakimbiza maji yakaachiwa kupita kiwango ambacho kanuni ya muda mrefu ya ziwa iliruhusu. Mvua zilipopungua mwaka 2005 na 2006, ziwa lilikuwa limeshachotwa, na ukame peke yake haukutosha kueleza kina kilivyoporomoka. Giza likaingia Kampala, mitambo ya dizeli ya kukodi ikaletwa kwa bei ya kuumiza, na Bujagali, megawati 250, ikakamilika mwaka 2012. Walioathirika hawakuwa Waganda tu. Wavuvi na wasafirishaji wa Mwanza na Kisumu waliona maji yakirudi nyuma kwenye gati zao kwa sababu ya mpango uliokwama katika nchi jirani.

Pingamizi la pili linasema tatizo ni umaskini: nchi zetu hazina mtaji wa kujenga umeme wa akiba. Ni kweli kwamba mitambo ni ghali na mikopo yake ina masharti. Lakini fedha zilipatikana kila mara giza lilipoingia, na zilikuwa nyingi zaidi kwa kila uniti kuliko ambazo zingehitajika mapema. Umaskini unatakiwa kumfanya mtu awe mwangalifu katika kupanga, kwa kuwa kosa lake halina wa kulifidia. Kenya imeonyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kufanya hivyo. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi wa Olkaria, wenye megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, baada ya utafiti ulioanza tangu ukoloni. Ugumu wa jotoardhi uko kwenye kuchimba: kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kikavu, hivyo mwekezaji binafsi husita. Baada ya kuonja mgao mkali wa mwaka 2000, serikali iliamua kuibeba hatari hiyo yenyewe, na mwaka 2008 ikaundwa kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi. Kazi hiyo imevuka awamu za Kibaki, Uhuru Kenyatta na Ruto, na leo mvuke wa Bonde la Ufa unatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini humo. Mto Tana ukipungua, Kenya haiyumbi kama zamani. Kilichofanya kazi pale ni uamuzi ambao kila serikali iliupokea kutoka kwa iliyotangulia bila kuuvunja.

Kenya hiyohiyo, hata hivyo, inaonyesha sura ya pili ya upangaji mbovu, ambayo kwa haraka haifanani na upungufu. Mwaka 2013 serikali mpya iliahidi zaidi ya megawati 5,000 za ziada katika miezi 40, makadirio yaliyozidi mbali ukuaji wa matumizi, na lengo hilo halikufikiwa. Huko Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, minara 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 ilikuwa imesimama mwanzoni mwa 2017, lakini laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa haikuwepo, kwa sababu ya kuchelewa kwa njia na fidia na kufilisika kwa mkandarasi wake. Umeme ukaanza kupita Septemba 2018, na fidia ya umeme ambao haukuweza kupokelewa ikalipwa kwa mabilioni ya shilingi. Wananchi walipochoka na bili zinazolipia mitambo isiyotumika, upepo wa siasa ukageuka. Mwaka 2021 jopo la rais likapendekeza mazungumzo ya mikataba mipya yafutwe, na mwaka 2023 Bunge nalo likaizuia mikataba hiyo. Wakati wa kuzuia ulikuwa wa kutosheka, lakini matumizi hayakusimama. Sasa Rais William Ruto mwenyewe amekiri kwamba saa za jioni baadhi ya maeneo hukatiwa stima ili mzigo ubebeke. Ndani ya muongo mmoja nchi imekwenda kutoka ahadi ya kupita kiasi hadi kizuizi cha kupita kiasi, na vyote viwili vilikuwa majibu ya kisiasa kwa hasira ya siku hiyo.

Hapo ndipo pingamizi la tatu linapoingia, hasa kutoka kwa Watanzania. Wanasema: tulipopata kiongozi mwenye uthubutu, tatizo lilikwisha. Bwawa la Rufiji lilizungumzwa tangu ukoloni na kuchunguzwa kwa kina miaka ya sabini. Likabaki kwenye makabati hadi Desemba 2018, serikali ya John Magufuli iliposaini mkataba wa takriban shilingi trilioni 6.5 na makampuni mawili ya Misri licha ya upinzani wa wanamazingira kuhusu Hifadhi ya Selous. Ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ya bwawa hilo, linaloitwa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ikawa tayari. Sina sababu ya kuukana ukubwa wa jambo hilo. Kituo kimoja kimezidi uwezo wa vituo vyote vilivyokuwa kwenye gridi siku mkataba uliposainiwa, na serikali ya pili iliuendeleza mradi wa serikali ya kwanza. Huo ni mwendelezo tunaoulilia.

Hata hivyo, uthubutu haujajibu kila swali. Kati ya mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2024, Watanzania walirudi kwenye mgao wakilisubiri bwawa. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, la zaidi ya kilomita 500, lilikuwa limezinduliwa tangu 2015, na kwa miaka kadhaa lilipitisha sehemu ndogo tu ya gesi lililojengewa kwa kuwa mitambo ya kuipokea haikujengwa kwa kasi ileile. Septemba 2023 Rais alimbadilisha mkuu wa TANESCO na kumpa mpya miezi sita ya kumaliza tatizo. Miezi sita inatosha kutengeneza mashine iliyoharibika. Haitoshi kujenga kituo. Nafuu ilipokuja ilitoka kwenye uamuzi wa mwaka 2018, na aliyekuwa kwenye kiti wakati huo hakuwa na namna ya kuiharakisha wala kuichelewesha sana. Kisha Aprili 2024, mvua zikiwa kubwa, TANESCO ilizima vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, ilhali mitaa mingi iliendelea kulalamikia kukatika kwa umeme kutokana na miundombinu chakavu. Uzalishaji unaozinduliwa kwa sherehe ulikuwa umekimbia. Laini, vituo vya kupoza umeme na transfoma, ambavyo haviletewi kamera, vilikuwa vimebaki nyuma. Na kwa Bwawa la Nyerere sehemu kubwa zaidi ya nchi imerudi kutegemea mvua, safari hii kwenye mto mwingine.

Uganda imefika palepale kwa njia yake. Kituo cha Karuma, megawati 600, kilianza kujengwa mwaka 2013 na kuzinduliwa Septemba 2024 baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Uwezo wa mitambo ukapita megawati 2,000 wakati matumizi ya kilele yakiwa karibu nusu ya hapo, na vijiji vingi vikiendelea kutumia vibatari na taa ndogo za jua. Tusidanganyike na neno ziada. Ziada ya kweli ni ile inayobaki baada ya kila anayehitaji kupata. Hii ya kwetu ni umeme uliozuiwa nyuma ya laini isiyojengwa, na deni la mitambo yake linalipwa na wachache waliounganishwa. Bei ikipanda wao hupunguza matumizi, mapato ya shirika hushuka, na ujenzi wa laini husogezwa mbele tena.

Kwa kuwa upungufu wa mmoja mara nyingi hukutana na ziada ya jirani, swali hili haliwezi kubaki la nchi mojamoja. Muungano wa kuuziana umeme wa Afrika Mashariki uliundwa mwaka 2005. Laini ya Ethiopia na Kenya, yenye kilomita zaidi ya 1,000, ilianza biashara mwaka 2022, na ile ya Kenya na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida ikawashwa Desemba 2024. Maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, yalikuwa katika mipango ya umoja wa nchi za bonde la Kagera tangu 1977. Kituo chake cha megawati 80, kinachogawanywa kati ya nchi hizo na Burundi, kimekamilika katika muongo huu. Fikiria ni migao mingapi ya Kigoma, Bujumbura na Kigali iliyopita katikati. Huko Kongo vituo vya Inga I na Inga II, vya mwaka 1972 na 1982, vilikaa miaka mingi mitambo yake mingi ikiwa imekufa kwa kukosa matengenezo, huku mazungumzo yakihamia kwenye Inga kubwa zaidi. Wakazi wa Lubumbashi, ambao laini ndefu kutoka Inga inaishia katika ukanda wao, wanajua kwamba kupanga ni pamoja na kukarabati ulichonacho.

Wapo wanaoogopa kwamba kununua umeme nje ni kuuza uhuru. Hofu hiyo ilisikika Tanzania Machi 2025, Rais Samia alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka kusini hupotea njiani. Watu waliuliza: tumejenga bwawa kubwa, tunanunua nini tena? Swali lilikuwa la haki, na jibu lake lilipaswa kutolewa miaka kumi mapema ndani ya mpango uliochapishwa, ili taifa lijue tangu mwanzo kwamba bwawa la Rufiji litauza kusini na kununua kaskazini. Laini ya mpakani hupitisha umeme pande zote mbili, na nchi yenye vyanzo vya ndani na milango miwili mitatu ya nje ina uhuru mkubwa kuliko yenye bwawa moja na mawingu. Hatari iliyopo ni kuutegemea mlango mmoja bila akiba, na hiyo nayo ni hatari ya kupangwa.

Atakayesema kwamba mipango ipo tayari atakuwa na haki. Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2014 ulilenga megawati 10,000 ifikapo 2025. Mwaka huo ulipofika, hata pamoja na Bwawa la Nyerere, uwezo haukufika nusu ya lengo, na sikumbuki siku ambayo mtu alisimama bungeni kueleza kwa nini. Mpango usiomgharimu chochote anayeuvunja ni ombi. Kinachohitajika ni kuufanya uahirishaji uonekane siku unapofanyika, kabla ya miaka kumi kupita. Sheria iweke kiwango cha akiba ambacho gridi haiwezi kushuka chini yake, na waziri alazimike kila mwaka kulieleza Bunge akiba ya miaka mitano na kumi ijayo itakuwa kiasi gani, katika mwaka wa mvua na katika mwaka wa kiangazi. Hakuna kituo kinachopaswa kuanza bila laini yake kuwa na fedha na ratiba. Mkataba wowote wa dharura uwekwe wazi kwa wananchi pamoja na bei na tarehe ya kukoma. Na mdhibiti wa bei aachwe apange bei inayotosha kukarabati mitambo, huku ruzuku kwa wanyonge ikitolewa waziwazi na Hazina badala ya kufichwa kwenye madeni ya shirika. Hakuna kati ya haya kinachomgeuza mwanasiasa kuwa malaika. Yanamwondolea tu faida ya kunyamaza, kwa sababu namba ya mwaka wa kumi itasomwa akiwa bado ofisini.

Mahitaji hayatatusubiri. Treni ya mwendokasi ya Tanzania inatumia umeme, majiko ya umeme yanahimizwa ili kuokoa misitu na mapafu ya akina mama, na miji yetu ni kati ya inayokua kwa kasi zaidi duniani. Ziada inayojivuniwa leo Dodoma na Kampala itamezwa, kama ya Kihansi ilivyomezwa kabla ya mwaka 2006 na ya Eskom kabla ya 2007. Mwenye nyumba makini huezeka paa jua likiwaka, maana mvua ikishaanza atalipa bei yoyote atakayotajiwa na fundi. Kwa upande wa umeme, jua letu linawaka sasa hivi. Wabunge watakaopokea bajeti za nishati za miaka hii miwili mitatu, wakati hakuna mwananchi anayelalamika na hakuna kamera inayowafuata, ndio watakaoamua kama watoto wanaoanza darasa la kwanza leo watasomea mitihani yao ya kidato cha nne kwenye mwanga.